Baba Daudi Alisema Yeye Mzima

Siku mliponiaga mlinifunga kitenge kipya, mkanilisha keki mbele ya watu kama bibi harusi, kisha mkaniomba niwaachie vijana neno. Nilisema asanteni, nikakaa. Mlidhani ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja, na habari zake hazisemeki mtu akiwa na krimu kwenye vidole.

Sasa niko nyumbani Igamba. Kahawa imekwisha kuchumwa, mikono haina kazi, na kila Jumatano asubuhi najikuta nimevaa viatu vya kutokea kabla sijakumbuka kwamba sina kliniki ya kwenda. Basi nawaandikia ninyi mliobaki kwenye afya ya akili, hasa nyie wawili mlioanza juzi, ambao bado mnakaa karibu na mlango mgonjwa akiingia. Nami nilikaa karibu na mlango.

Nilipopangiwa Tunduma nilikuwa nimeomba wodi ya wazazi. Nilipenda watoto, na nilipenda kazi ambayo mwisho wake unaonekana. Matroni akanitazama, akanielekeza mwisho wa korido, kupita chumba cha kufulia. "Utasikia watu wanapaita kwa vichaa," alisema. "Usishtuke, hata baadhi ya madaktari wanapaita hivyo." Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yalikaa hapo kwenye foleni kutwa nzima, injini zikinguruma. Mtu akitaka kukuambia siri yake ilibidi aipigie kelele.

Ndani nilimkuta Mzee Kibona, tabibu wa magonjwa ya akili, Mndali wa milima ya Ileje, mwembamba, mwenye sweta ya kijivu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Mimi nilikuwa nimevaa glovu. Akazitazama, akaniuliza kwa upole, "Binti, unakwenda kumpasua?" Nikazivua. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na wala halikuwa kwenye mtaala.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Meza aliisukuma ukutani, akaweka viti vikae upande upande, ili mgonjwa asilazimike kukutazama usoni kama yuko mahakamani. Kipimo cha presha kilikuwepo sikuzote, na alimpima kila mtu, hata aliyekuja kwa huzuni tupu. Alisema mtu akitoka hospitali hajapimwa chochote anaona amedanganywa. Vitambaa vya kufutia machozi hatukuwa navyo. Akina mama walilia ndani ya kanga zao. Wanaume walilia kwa kutazama dari, na sisi tulitazama nje, kwenye malori, mpaka wamalize.

Wengi waliletwa kwetu wamechelewa, wamekwisha kuzungushwa kila mahali pengine. Nakumbuka kijana mmoja kutoka Vwawa aliyeletwa na wajomba zake wamemfunga kamba mikono. Mzee Kibona hakumfokea mtu. Alipiga magoti akaifungua ile kamba mwenyewe, taratibu, huku akimwuliza kijana habari za safari, kisha akawaambia wajomba wakanywe chai nje. Mmoja akasema, "Dokta, atakupiga huyo." Mzee akajibu, "Akinipiga mtanisikia nikipiga kelele, chai mtaiacha." Kijana hakumpiga. Alilala palepale kwenye kiti, kwa sababu alikuwa hajalala muda mrefu sana, na hakuna aliyekuwa amelijua hilo.

Kwa mgonjwa mgeni Mzee Kibona alikuwa na maneno yake, na mimi niliyasema baada yake kazi yangu yote. Nayaandika hapa ili yasipotee. "Leo tutaongea tu. Sitakuchoma sindano, sitakufungia mlango. Nitakuuliza maswali mengine utayaona ya kijinga: unalalaje, unakula nini, nyumbani yuko nani. Usilotaka kusema leo, liache, litasubiri. Ukirudi nyumbani unaweza kujisikia vibaya kuliko ulivyokuja, maana tumegusa kidonda. Hujarogwa njiani. Na nikikupa vidonge, hivi si kama vya maumivu ya kichwa. Utaanza kwa kusinzia na kukauka mdomo, nafuu yenyewe itachelewa, na hapo katikati ndipo watu wanapoacha. Wewe usiache mpaka uje uniulize."

Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, alimgeukia aliyemleta mgonjwa, awe mama, mume au jirani. "Na wewe? Unalala?"

Mara nyingi huyo ndiye aliyeanza kulia kwanza.

Mzee alistaafu akarudi Ileje, na baada ya miaka michache tukapata habari kwamba amefariki. Nilikwenda kumzika. Milima ile ina ukungu unaoingia mpaka ndani ya nguo. Msemaji wa ukoo alisimama akasema marehemu alikuwa "mtu wa hospitali", akaendelea na mambo ya shamba na wajukuu. Hakuna aliyejua alifanya nini huko hospitali. Nilitaka kusimama niseme, lakini mimi nilikuwa mgeni, na jeneza lilikuwa linasubiri.

Mama Daudi aliletwa kwangu miaka mingi baadaye, nilipokuwa mimi ndiye mkubwa wa kile chumba. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Msangano, Mnamwanga. Aliletwa kwa bodaboda, amewekwa katikati ya dereva na mumewe, na mume amemzungushia mikono njia nzima ya kupanda kutoka bondeni, kwa sababu mwenyewe hakushika chochote. Alishushwa kama mzigo unaovunjika.

"Sista," mume aliniambia, "huyu ni mke wangu, Vumilia. Tangu tumzike mtoto wetu Daudi haongei. Nikimlisha anakula. Nisipomlisha hali."

Daudi alikuwa mtoto wao wa kwanza, utingo wa lori. Lori liliacha njia kwenye mteremko upande wa Zambia. Aliletwa kwenye sanduku lililofungwa, wakaambiwa wasilifungue.

Nilimwambia mama yule maneno yote ya Mzee Kibona. Alitazama ukuta. Nilimpima presha, mkono wake ukabaki pale nilipouacha. Kisha nikamgeukia mumewe. "Na wewe, Baba Daudi, unalala?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali la watoto. "Mimi mzima, sista. Mhudumie huyu."

Walikuja kila walipoitwa. Safari ya pili waliongozana na mzee wa kanisa lao, Mzee Sinkala, aliyevaa koti na tai kana kwamba amekuja kunishitaki. "Sista, sisi tumemwombea," alisema. "Kumleta huku si kukosa imani?" Nikamwambia, "Mzee, endeleeni kumwombea. Mkimaliza kila ombi, mkumbusheni vidonge vyake." Akaona sina ubishi, akakubali. Baadaye nilisikia aliyabeba maelezo yangu neno kwa neno, akawa anamkumbusha dawa mbele ya kwaya nzima, jambo ambalo sikuwa nimelikusudia.

Vijana, mtaambiwa tiba ya mazungumzo ni mazungumzo. Miezi ya mwanzo na Mama Daudi ilikuwa kukaa kimya. Nilikaa kando yake, nikasema nipo, nikanyamaza. Mara nyingine nilimweleza nimepika nini jana. Kuna siku nilimaliza saa yangu nikajiona nimepiga porojo na ukuta. Lakini nilimwona Baba Daudi akimsubiri pale nje, amebeba ndizi za kumlisha njiani, nikaona siwezi kuwa wa kwanza kuchoka.

Siku aliposema, hakuanza na salamu.

"Kiatu kimoja hawakukileta."

Niligeuka taratibu. "Kiatu kipi, Mama Daudi?"

"Cha kushoto. Walituletea nguo zake kwenye mfuko, na kiatu cha kulia. Nani amechukua kiatu kimoja? Anakipeleka wapi?"

Halafu akalia, kwa sauti ambayo ilizidi malori. Baba Daudi alifungua mlango kwa kishindo, akadhani nimemwumiza. Aliposikia mkewe anataja jina la mtoto alisimama pale mlangoni, mkono kwenye kitasa, hakuingia wala hakutoka. Nilimwona uso wake. Nikamwambia aketi, kiti kipo. Akasema anakwenda kumtafutia mama maji ya kunywa, akaondoka.

Huyo mwanaume alikuwa akipika ugali, akimwogesha mkewe, akimsuka nywele vibaya. Wenzake kijijini walimcheka kwamba mwanamke amemweka kiganjani. Kanisani walimsifu, na nadhani sifa zilimwumiza kuliko kicheko, kwa maana mtu anayesifiwa kwa nguvu zake hapati pa kuziweka chini. Kila safari nilimwuliza. Kila safari alikuwa mzima.

Mama Daudi akapata nafuu, polepole, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Akaanza kujilisha. Akaanza kuchambua mchele. Kuna Jumatano aliingia mwenyewe, akaketi, akanilalamikia, "Sista, dawa yako inanisinzisha mpaka kwenye mahubiri." Nikamwambia wenzake wanasinzia bila dawa. Akacheka. Kicheko kidogo chenye kutu, lakini nilikisikia, na jioni ile nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa furaha.

Kisha mvua zikaanza, wakalima, na wakati wa kupalilia alikuja akiwa amemshika mumewe mkono.

"Leo mgonjwa ni huyu," alisema. "Mimi nilipoamka, yeye ndiyo akalala."

Baba Daudi alikuwa amekonda, shati limemshuka mabegani. Nilimwomba Mama Daudi akae nje kidogo. Nikampima presha. Nikamweleza yale niliyomweleza mkewe, kwa utaratibu uleule, kana kwamba hakuwahi kuyasikia. Na kweli, alipoyasikia mara ya kwanza hayakuwa yake.

Aligeukia dirisha.

"Daudi hakutaka kwenda kwenye lori," alisema. "Alitaka kubaki kulima. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mwenye lori. Nilimwambia, mwanangu, matope haya hayana mwisho, nenda ukaone dunia. Mama yake hajui. Anadhani mtoto alipenda."

Sikumwambia kwamba si kosa lake. Watu walikwisha kumwambia maneno ya namna hiyo bila kuijua habari yenyewe. Nilimwuliza Daudi alipenda nini kwenye kilimo. Akasema alipenda kuwafukuza ndege kwenye mpunga. Alikuwa na sauti. Hapo akatazama dari, nami nikatazama malori.

Alipotulia nilimwuliza lile swali ambalo ninyi mnaliogopa. Msiliogope, na msilizungushe. "Baba Daudi, unawaza kujiua?"

Alishtuka kama nimemkuta hana nguo. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

"Ndiyo," alisema. Na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua gunia. Swali halikumpa lile wazo. Alikuwa nalo siku nyingi, akiishi nalo peke yake kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Tukamwita mkewe, kwa ruhusa yake, tukaongea wote watatu. Dawa za kunyunyizia mpunga zikahamishiwa kwa jirani siku ileile. Mdogo wake, Festo, akaja kulala nyumbani kwao. Nilimwandikia vidonge, nikampigia simu daktari wa Mbeya, tukakubaliana namna ya kumwangalia. Siri ya lori aliniomba ibaki kwake kwanza, nikaiacha kwake. Wiki chache baadaye alimwambia mkewe mwenyewe, humohumo chumbani. Mama Daudi alinyamaza, nikaogopa. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemfulia shati la safari. Nililinyoosha." Wakashikana mikono. Sikuwa na kazi pale, nikatoka.

Ilikuwa miezi mizuri. Nataka mjue hilo, kwa sababu mwisho wa jambo una tabia ya kufunika yote yaliyotangulia. Alinenepa. Alirudi kwaya. Aliniletea mchele wa Msangano unaonukia mpaka jirani anauliza unapika nini. Aliniambia siku hizi anaota Daudi akiwa mzima, na akiamka huzuni haimkabi shingoni, inakaa tu kando ya kitanda.

Halafu yakaja mavuno. Kazi nyingi, kulala shambani kulinda mpunga. Baba Daudi aliona amepona, na kwake mtu aliyepona hanywi dawa. Aliacha vidonge vyote kwa mara moja bila kumwambia mtu. Mama Daudi alipogundua alinipigia simu, nikaongea na mumewe. Sauti yake ilikuwa njema. "Nitakuja Jumatano sista, nikishaingiza mpunga ndani. Usiwe na wasiwasi, mimi mzima." Nilimwomba mhudumu wa afya wa kijiji aende kumwona, akaenda, akamkuta anapiga mpunga na kutania watu. Nilimwomba Festo arudi kulala pale, akarudi.

Jumatano haikufika. Alijiua shambani, asubuhi, wakati Festo amekwenda kuchota maji.

Sitaandika zaidi ya hapo. Mtakutana na siku ya namna hiyo, na mtajiuliza kila kitu mlichosema na msichosema. Nami nilijiuliza. Ugonjwa huu unaua, kama malaria inavyoua mtu aliyekuwa amepewa dawa zake. Najua hivyo kwa kichwa. Kwa moyo bado sijafika.

Nilishuka Msangano kwenye mazishi. Pale uani palikuwa na minong'ono: wengine walisema aliyejitoa uhai haombewi, azikwe haraka, watu watawanyike. Kwaya ilikaa bila kuimba. Mama Daudi alikuwa kwenye mkeka, ametazama chini, na niliona wanawake wakimtazama, nami nikajua wanachongojea. Wanangoja aurudie ukuta.

Mzee Sinkala akasimama, koti lilelile, tai ileile.

"Huyu ndugu yetu Lazaro, Baba Daudi, alikuwa mgonjwa," alisema. "Mimi nilikwenda mwenyewe hospitali, nikaelezwa. Ugonjwa wa kichwa ni ugonjwa. Mtu akifa kwa homa tunamwombea. Asiyetaka kumwombea Lazaro aondoke, mimi nitaomba peke yangu."

Wachache waliondoka. Wengi walibaki. Ndipo kwaya ikaimba, vibaya, maana sauti ya besi ilikuwa yake.

Jumatano iliyofuata, ile aliyoniahidi Baba Daudi, nilifika kazini nikiwa sitaki kuita mgonjwa. Nilipofungua mlango, Mama Daudi alikuwa kwenye benchi. Amekuja peke yake.

"Nimekuja siku yake," alisema. "Niliona isikae bure."

Tukaingia. Siku ile sikuwa muuguzi kwa jinsi mtakavyofundishwa. Nililia mbele ya mgonjwa, na mgonjwa akanipa ncha ya kanga yake. Baadaye alisema, "Nilidhani nitarudi kule nilikokuwa. Kila asubuhi naangalia kama nimerudi. Bado nipo." Alikuja mwaka ule wote, na mwaka uliofuata. Vidonge aliviacha kwa kupunguza kidogo kidogo, tukiwa pamoja, na huzuni haikuisha. Aliendelea kulima akiwa nayo.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja na mwanamke kijana, jirani yake, mwenye mtoto mchanga. Yule kijana tangu ajifungue alikuwa hawezi kumtazama mwanawe. Alimnyonyesha huku amegeuza uso. Nilikuwa na mgonjwa mwingine ndani, mlango haukufungika vizuri, nikawasikia pale kwenye benchi. Mama Daudi alikuwa amempakata mtoto.

"Ukiingia utaona aibu," alikuwa akimwambia. "Atakuuliza unakula nini, utamwona hana akili. Mwache aulize."

"Na nikishindwa kusema?"

"Mimi nilimkalia kimya mpaka mvua zikaisha. Hakunifukuza."

Kijana akauliza kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kinauliza, ila yeye aliuliza kwa hofu, bila ubaya. "Mama, si hata mumeo alikuja hapa?"

Nilisimama na kipimo cha presha mkononi. Nilitaka kufungua mlango, nimwokoe asijibu. Sikufungua.

"Alikuja," alisema Mama Daudi. "Akapata nafuu. Tukakaa vizuri mpaka mavuno, tukaongea mambo ambayo hatukuwahi kuongea tangu anioe. Kisha ugonjwa ukamrudia, ukamchukua. Asingekuja, ningempoteza kabla ya hayo yote, na nisingejua alichokuwa amebeba."

Lori likapiga honi barabarani, mtoto akashtuka, na Mama Daudi akambembeleza mpaka akatulia. Mgonjwa wangu akatoka.

"Ingia," alimwambia yule mama kijana. "Mimi na mtoto tuko hapa."